Mwalimu mmoja kwa watoto wangapi? Inategemea nani umemhesabu

Ukiingia ofisi ya mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania, hukosi kukuta ukutani jedwali la ikama, yaani idadi ya walimu: mahitaji, waliopo, pungufu. Wazazi wengi hulipita tu kwa macho wakisubiri kukaribishwa kiti. Mimi kazi yangu ni takwimu za elimu, kwa hiyo ndilo ninaloanza kulisoma, na safu inayonisumbua ni ile ya katikati. Hao waliopo ni akina nani?

Tuseme shule ina wanafunzi 900 na walimu 20. Ukigawanya unapata 45 kwa mwalimu mmoja, kiwango kilekile ambacho serikali imejiwekea. Hapo mwalimu mkuu anashusha pumzi. Sasa tuseme sita kati ya hao 20 ni vijana wa kujitolea waliomaliza kidato cha nne, hawajakanyaga chuo cha ualimu, na posho yao inatoka kwenye michango ya wazazi. Waondoe. Wanabaki 14, na 900 kwa 14 ni zaidi ya 64. Hakuna mtoto aliyehamia wala mwalimu aliyehama. Uwiano wa kwanza ulihesabu kila anayeshika chaki. Wa pili umehesabu waliosomea kazi hiyo tu.

Siwabezi vijana hao, maana bila wao yapo madarasa ambayo yangekaa na kiranja tu. Lakini kumfundisha mtoto kusoma ni ufundi. Mtoto anasoma "ba" bila shida, akifika kwenye "mba" anakwama, na anayemfundisha anatakiwa ajue amekwama wapi na amvushe vipi. Kelele na kiboko havimvushi. Na hata aliyesomea ufundi huo anahitaji muda. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Wakiwa watoto 45, kila mmoja akisimama asome, anapata sekunde 40. Wakiwa 120 anapata sekunde 15, na hapo sijatoa muda wa kufuta ubao wala wa wale wanaoomba ruhusa ya kwenda chooni, ambao hawaishi.

Watu wengi wanataka kujua uwiano upi kati ya hiyo miwili ndio wa kweli. Yote ni ya kweli. Mimi huiweka sambamba nikaangalia imepishana kiasi gani, kwa sababu mpishano huo ndio unaoonyesha ugonjwa uko wapi.

Mwaka 1994 Malawi ilifuta ada ya shule za msingi. Wanafunzi wakatoka takriban milioni 1.9 wakakaribia milioni 3. Vyuo visingeweza kutoa walimu kwa kasi hiyo, hivyo serikali ikaajiri watu karibu 20,000 ambao hawakuwa wamesomea ualimu, ikawapa mafunzo mafupi na kuwapeleka darasani. Ukihesabu vichwa, pengo lilizibwa kwa sehemu kubwa. Ukihesabu waliofunzwa, lilikuwa wazi kabisa. Nchi yenye mpishano wa namna hiyo ina kazi ya kufanya vyuoni.

Kenya ilifuta ada Januari 2003, na wanafunzi wakapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Tofauti ni kwamba ajira mpya za walimu zilikuwa zimebanwa tangu 1998. Wengi waliokuwa wakifundisha walikuwa na cheti, na wenye cheti wengine walikuwa nyumbani wakisubiri kuitwa. Uwiano wote miwili ulikuwa mbaya, lakini ulikaribiana. Hapo kuongeza vyuo hakusaidii kitu. Kinachotakiwa ni fungu la mishahara.

Tanzania ya leo imo kwenye kundi hili la pili. Elimumsingi bila ada ilipoanza Januari 2016, darasa la kwanza lilifurika, na wingi huo umekuwa ukipanda darasa kwa darasa. Lakini walimu wenye sifa wapo mtaani. Mapema 2025 ilitangazwa kwamba waombaji zaidi ya 200,000, wa msingi na sekondari kwa pamoja, walikuwa wakigombea nafasi za ualimu zisizofika 15,000. Ukisikia mtu anasema nchi "haina walimu", muulize anamaanisha haina watu au haina vibali vya ajira.

Kuna mtego mwingine, nao ni neno lenyewe "aliyefunzwa". Kila nchi hulipimia kwa rula yake, na rula hiyo hubadilika. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, ili kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, Tanzania ilichukua maelfu ya vijana wa darasa la saba na kuwafunza huku wakifundisha, kwa posta na redio. Wazee wetu wanawaita walimu wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, hadi leo. Walihesabika kuwa walimu wenye mafunzo. Sera ya elimu ya 1995 ikaja kusema kiwango cha chini ni cheti cha ualimu cha Daraja A. Mtu aliyelala ana sifa akaamka hana, na uwiano wa shule yake ukaharibika bila yeye kubadili hata namna anavyoandika ubaoni. Kwa hiyo mtu akikulinganishia nchi mbili, au nchi moja miaka 20 mbalimbali, dai kwanza tafsiri ya neno hilo.

Wastani nao nausogelea kwa tahadhari. Shule ya mjini ina wanafunzi 400 na walimu 16, ya pembezoni ina 1,200 na walimu 16. Wastani wa zote mbili ni 50. Lakini hakuna mtoto hata mmoja anayesoma katika 50: 400 wako kwenye 25, na 1,200 wako kwenye 75.

Shule moja niliyofika, jedwali la ofisini lilisema waliopo ni 11. Mmoja alikuwa likizo ya uzazi, wawili masomoni, na mwingine ameazimwa ofisi ya kata tangu mwaka uliopita. Nilipopita madarasani niliwakuta saba, wote wana vyeti. Kwenye taarifa ya wilaya shule ile iliandikwa kuwa na walimu 11 wenye sifa.