Eti mtoto akikua atasahau?
Watu wengi bado wanasema mtoto akipigwa na kutukanwa miaka na miaka "atakua atasahau", jamani hapana. Unakuta mtu mzima ana kazi yake nzuri tu, ila mlango ukibamizwa mwili wote unaganda, usingizi shida, kumwamini mtu hawezi, na moyoni anajiona hana thamani kabisa. Hiyo inaweza kuwa trauma changamano (complex PTSD), yaani jeraha la akilini linaloachwa na mateso ya muda mrefu, na WHO, Shirika la Afya Duniani, wameitenga na PTSD ya kawaida (shida ya akili inayobaki baada ya tukio la kutisha) kwenye mwongozo wao wa kuainisha magonjwa, ICD-11, ulioanza kutumika Januari 2022. Haina kipimo cha damu kama malaria, daktari anaitambua kwa dalili, lakini hiyo haimaanishi mtu anajifanyisha, anaumia kweli na tiba ya mazungumzo inasaidia wengi.