Taka tu au nyumba nzima? Dhana potofu kuhusu huduma za kuondoa vitu

Nyumba ikishajaa makorokoro, wengi hutafuta mwenye gari, wakamuuliza bei na kumwambia aje. Hawajui kwamba kuna huduma mbili hapa, zinazofanana ukizitazama kwa nje tu. Moja ni kubeba taka: unaonyesha rundo, wanapakia, wanaondoka. Nyingine ni kuondoa vitu vya nyumba nzima: wanapita chumba kwa chumba, wanafungua makabati, wanatenga cha kuhifadhi, cha kuuza, cha kugawa na cha kutupa, halafu wanakukabidhi nyumba ikiwa tupu.

“Wingi wa vitu ndio unaoamua”

Si kweli, na dhana hii ndiyo inayozaa nyingine nyingi. Stoo ya mbao zilizooza, viti vilivyovunjika na ndoo zilizotoboka inaweza kujaza lori zima na bado ikawa kazi ya wabeba taka tu. Chumba kimoja cha mtu aliyeishi humo miaka na miaka kinaweza kutosha kwenye pikapu, lakini kikahitaji siku nzima ya kupekuliwa. Kinachoamua ni kama yupo mtu aliyekwisha kuvipitia vitu hivyo. Ikiwa kila kilichomo umekiona kwa macho yako na ukaridhika kuwa ni taka, ita gari. Ikiwa kuna droo iliyofungwa na hakuna ajuaye ufunguo ulipo, macho yanahitajika kabla ya mabega.

Anayeijua kazi ya kupekua utamtambua mapema. Koti likitoka kabatini, mkono wake unaingia kila mfuko, hata ule wa ndani, kisha unaminya pindo la chini, maana mfuko uliotoboka hudondosha vitu kati ya kitambaa na bitana. Droo haiachi ikining'inia. Huichomoa yote na kuipindua, kwa kuwa kuna watu hubandika bahasha upande wa chini, na karatasi zikizidi huangukia nyuma. Kitabu hukishika mgongo akakitikisa. Mbeba taka hafanyi hayo, wala usimwite mvivu. Yeye analipwa kwa mzigo, na kila dakika ya kupekua inamla faida.

“Kubeba taka ni nafuu siku zote”

Kwa safari moja, mara nyingi ndiyo. Hesabu hubadilika gari linapoitwa leo, likaitwa tena wiki ijayo, na tena baada ya ndugu kukumbuka vilivyo darini, kwa sababu kampuni nyingi zina kiwango cha chini cha malipo hata mzigo ukiwa mdogo. Tena bei hukadiriwa kwa nafasi inayochukuliwa garini: robo, nusu, gari zima. Uzito nao una kikomo chake. Mita moja ya ujazo ya kifusi cha matofali na zege hupita tani moja, ilhali nafasi hiyohiyo ikijaa magodoro na maboksi matupu haifiki hata robo ya uzito huo. Ndiyo maana dereva anaweza kukataa kuongeza udongo wakati gari linaonekana nusu tupu. Hakudanganyi.

Upande wa nyumba nzima, kampuni nyingine hupunguza bei kwa thamani ya vitu watakavyouza. Ni utaratibu mzuri, ila ndipo wateja wanapopunjwa kirahisi. Ukiambiwa “tumeshakutolea vitu vyako kwenye bei”, omba orodha: kitu gani, kimethaminiwa kiasi gani. Mwenye kukataa kuandika, mimi nisingempa ufunguo wa nyumba. Na chochote unachodhani kina thamani kubwa, kama saa ya zamani, vito au mchoro, kionyeshe kwa mthamini asiyehusika na ubebaji.

“Gari likiondoka, si shida yangu tena”

Taka zikitupwa porini au kando ya barabara, humo ndani mna bili na barua zenye jina lako, na mtu wa kwanza kutafutwa ni wewe. Nchini Uingereza, kwa mfano, mwenye nyumba ana wajibu wa kisheria kuchukua hatua za kuhakikisha anayemkabidhi taka ana idhini ya kuzibeba. Uliza kibali, uliza zinapelekwa dampo gani, chukua risiti. Bei ya chini mno kuliko ya wengine wote huwa na sababu, na mara nyingi sababu yenyewe ni kwamba mtu huyo halipi ada ya dampo.

“Ukishalipia nyumba nzima, wanabeba chochote”

Hapana, na hili linahusu huduma zote mbili. Mitungi ya gesi, rangi na dawa za kuulia wadudu hutakiwa kutengwa. Taa za tyubu zisizo za LED zina zebaki ndani. Betri za lithiamu ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu hujificha ndani ya vitu vidogo: mswaki wa umeme, mdoli, simu mbovu iliyosahaulika. Lori la taka likizikandamiza, betri hupata shoti na kuwaka katikati ya mzigo wa karatasi na nguo. Friji nayo si bati tu. Za zamani zina gesi za CFC, zinazoharibu tabaka la ozoni na zilizowekewa udhibiti na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. Nyingi za sasa hutumia gesi inayoshika moto. Mabati na mabomba ya asbesto yasivunjwe hata kidogo, kwani vumbi lake likivutwa husababisha saratani. Taja vitu hivi unapoomba bei, usisubiri watu wafike mlangoni.

“Vyote vilivyo vizima vitapata wa kuvitumia”

Ingependeza. Lakini godoro lenye madoa, kabati la mbao za kubandika lililokwisha kuvimba kwa maji na televisheni nene za zamani hukataliwa hata na wanaopokea misaada. Kwa vifaa vya umeme hali ni mbaya zaidi: mwaka 2022 dunia ilizalisha taka za kielektroniki tani milioni 62, na chini ya robo ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kampuni ikikuahidi kwamba “kila kitu kitatumika tena”, ulizia kitu kimoja tu, sema godoro, linaenda wapi. Jibu la hapo litakueleza mengi.

“Nyumba ya marehemu iondolewe vitu haraka iwezekanavyo”

Hapa haraka huleta ugomvi wa miaka. Vitu vya marehemu ni sehemu ya mirathi, na anayestahili kutoa idhini ya kuviondoa ni msimamizi aliyetambuliwa kisheria. Kushika ufunguo hakukupi mamlaka hayo. Kabla ya chochote kuhama, piga picha kila chumba, makabati yakiwa wazi. Tenga wosia, hati za mali, karatasi za benki na za bima. Simu yake usiitupe wala laini yake usiiache ifungwe mapema, maana namba za kuthibitisha akaunti zinaweza kuwa bado zinatumwa huko. Kompyuta nayo: kufuta mafaili hakuondoi taarifa kwenye diski, kwa hiyo diski ichomolewe au ifutwe kwa programu maalumu kabla haijaondoka. Katika nyumba ya namna hii sioni sababu ya kuwaita wabeba taka kwanza, isipokuwa kwa chakula kilichoanza kuoza.

Ukiwa na muda na ndugu wa kusaidiana, ipo njia ya tatu ambayo kampuni hazina haraka ya kukutajia: pekueni wenyewe kidogo kidogo, mkusanye taka sehemu moja, kisha lije gari moja la kubeba. Muda ukiwa mfupi, kama pango linaisha mwezi huu, njia hiyo haifai.

“Nyumba nzima maana yake nyumba safi”

Kwa kawaida maana yake ni kufagiliwa tu. Kupiga deki, kung'oa mazulia, kushusha pazia na kuondoa makabati yaliyofungwa ukutani huwa ni mazungumzo mengine, na vibanda vya uani husahaulika kabisa kwenye makadirio yaliyofanywa kwa simu. Watembeze kila kona kabla ya kukubaliana, na vitu vinavyobaki uvibandike karatasi. Kama mpangaji mpya anaingia kesho yake, mtu wa usafi apangwe siku hiyohiyo, baada ya lori kuondoka.