Uga Unaojijaza: Unaonyesha au Unanakili?

Miaka kadhaa iliyopita mhasibu mmoja aliniita, daftari la karatasi mkononi na kompyuta mbele yake, akanieleza kwa utulivu ulionitisha kuliko kelele kwamba jumla za ankara za mwaka uliotangulia zilikuwa zinabadilika. Alishuku kwamba kulikuwa na mtu aliyekuwa akizichezea. Tulipozipitia pamoja tuligundua jambo la ajabu: kila ankara aliyoifungua ili kuilinganisha na daftari lake ilikuwa imepanda bei, na zile ambazo hakuzigusa zilibaki kama zilivyoandikwa. Mchezaji alikuwa ni msimbo wangu mwenyewe, mistari mitatu tu, niliouandika ili uga wa bei, yaani nafasi ya kujazia bei katika fomu, ujijaze mara bidhaa inapochaguliwa.

Ombi lenyewe ni la kawaida mno. Mtumiaji akichagua bidhaa katika uga mmoja wa fomu, bei ijitokeze katika uga wa pili; akichagua mteja, namba ya simu na anwani zijijaze bila kuchapwa. Wanaoanza kujenga hifadhidata huliona kuwa suala moja lenye jibu moja, nami nililiona hivyo kwa muda mrefu. Kwa hakika ni masuala mawili yanayofanana kwa sura tu. Katika la kwanza, uga wa pili unaonyesha habari ambayo tayari imehifadhiwa katika jedwali jingine, na hakuna kinachoandikwa upya. Katika la pili, uga huo unanakili habari hiyo na kuiweka ndani ya rekodi mpya, ambako haitafungamana tena na ilikotoka.

Ili kuyatenganisha, mimi huuliza swali moja kabla ya kugusa kibodi: thamani ya asili ikibadilika kesho, je, rekodi ya leo nayo ibadilike? Mteja akibadilisha namba ya simu, kila ankara yake inapaswa kuonyesha namba mpya, kwa kuwa namba ya zamani haimfai mtu anayetaka kumpigia. Hapo tunaonyesha. Bei ya bidhaa ikipanda, ankara iliyokwisha kulipwa haipaswi kutikisika hata kidogo, kwa kuwa inaeleza makubaliano yaliyofanyika siku fulani. Hapo tunanakili. Anwani ina sura zote mbili: anwani ya mteja katika orodha ya mawasiliano ni ya kuonyeshwa, lakini anwani ambayo mzigo ulipelekwa ni historia, nayo hunakiliwa.

Najua kwamba wapo wasomaji watakaoshtuka wakiona bei ikihifadhiwa katika majedwali mawili. Tangu E. F. Codd, mtafiti wa IBM, alipochapisha mwaka 1970 makala iliyoweka msingi wa hifadhidata za kimahusiano, yaani zile za majedwali yanayounganishwa, tumefundishwa kwamba jambo moja huhifadhiwa mahali pamoja tu, na mafundisho hayo ni sahihi. Ila bei ya leo na bei iliyouziwa siku ile si jambo moja, hata pale ambapo tarakimu zake zinalingana. Northwind, hifadhidata ya mfano ambayo Microsoft imekuwa ikiwafundishia watumiaji wa Access, programu yake ya kujengea hifadhidata, ina uga wa bei katika jedwali la bidhaa na uga mwingine wa bei katika jedwali la mistari ya oda, na sababu yake ni hiyo hiyo.

Nianze na kuonyesha, ambako ni kwepesi zaidi. Katika Access, njia ninayoipendelea ni kuweka habari zote zinazohitajika ndani ya orodha kunjuzi yenyewe: namba ya mteja, jina lake na simu yake, huku safu zisizotakiwa kuonekana zikipewa upana wa sifuri. Kisha kisanduku cha simu hupewa chanzo kilichoandikwa hivi, cboMteja ikiwa ni jina la orodha hiyo: =[cboMteja].Column(2). Hakuna msimbo mwingine unaohitajika, na kwa kuwa kisanduku kinachotokana na fomula hakihifadhi chochote wala hakikubali kuandikwa, hakuna atakayekiharibu. Angalia tu namna ya kuhesabu. Column huanza kuhesabu kutoka sifuri, kwa hiyo 2 ni safu ya tatu, ilhali mpangilio wa Bound Column, unaoamua ni safu ipi ihifadhiwe, huanza kutoka moja. Sijui ni nani aliyeona busara kuziweka hesabu hizo mbili katika kifaa kimoja, lakini saa nilizozipoteza kwa sababu yake ni nyingi.

Njia ya pili ni kuijenga fomu juu ya hoji, yaani ombi la kuchota habari kutoka hifadhidata, inayounganisha majedwali mawili. Ikiwa hoji hiyo inatumia uga wa kiungo, yaani namba ya mteja iliyomo katika majedwali yote mawili, kutoka upande wa jedwali la oda, si kutoka upande wa jedwali la wateja, Access huleta habari za mteja zenyewe punde namba yake inapoingizwa. Kosa la kuchukua uga wa kiungo kutoka upande usiofaa ndilo hufanya wengi waamini kwamba njia hii haifanyi kazi. Zifunge nyuga za mteja zisiweze kuhaririwa katika fomu hiyo. La sivyo mtumiaji anayedhani anasahihisha ankara moja atakuwa amebadilisha taarifa za mteja kila mahali.

Ya tatu ni DLookup, ambayo huchota thamani moja kutoka jedwali lolote kwa kufuata sharti unaloliandika. Ni rahisi kukumbuka, na ndiyo maana hutumiwa kupita kiasi. Katika fomu inayoonyesha rekodi nyingi kwa pamoja, kila mstari hulazimika kutafutiwa thamani yake, na fomu huanza kujikongoja. Rekodi zinazotimiza sharti zikiwa zaidi ya moja, utapewa moja tu bila kuonywa. Isipokuwapo hata moja, utapewa utupu, na utupu huo ukizidishwa kwa idadi huzaa utupu mwingine hadi kwenye jumla. Tena sisi tunaoandika Kiswahili tuna mtego wetu wa pekee. Sharti la maandishi huzungushiwa alama za kudokoa ('), na neno kama king'ora lina alama hiyo hiyo katikati yake, kwa hiyo Access huliona neno limekatika baada ya king na kukataa kuendelea. Dawa ya papo kwa papo ni kuirudufu alama hiyo ndani ya neno, lakini iliyo bora ni kutafuta kwa namba ya ufunguo mkuu, ile inayoitambulisha kila rekodi peke yake, ambayo haina vituko hivyo. Katika mifumo ya mtandaoni kosa la kuunganisha maandishi ya mtumiaji ndani ya hoji ni mlango kamili wa wavamizi, na huko thamani hupitishwa kama vigezo, yaani kando ya maandishi ya hoji, pasipo udhuru.

Sasa kunakili. Kanuni ni kwamba thamani inakiliwe mara moja tu, wakati mtumiaji anapofanya uchaguzi. Katika Access wakati huo ni tukio la After Update la orodha ya bidhaa, na mstari wenyewe ni mfupi (Me ni fomu yenyewe): Me!Bei = Me!cboBidhaa.Column(2). Mimi nilikuwa nimeuweka katika tukio la On Current, ambalo hutokea kila rekodi inapofikiwa. Niliona inapendeza, kwa kuwa kila nilipopita katika rekodi za majaribio bei ilikuwapo. Sikutambua kwamba kuijaza bei ni kuihariri rekodi, na kwamba rekodi iliyohaririwa huhifadhiwa yenyewe mtu anapoiacha. Basi kutazama tu kukawa kuandika.

Tukio la After Update lina tabia ambayo ni lazima ijulikane: halitokei pale ambapo uga wa kwanza umebadilishwa na msimbo, bali hutokea tu pale ambapo mtu amefanya badiliko hilo kwa mkono wake. Ukiwa na kitufe kinachochagua bidhaa kwa niaba ya mtumiaji, bei haitajaa mpaka uiite kazi ya kujaza, yaani kipande cha msimbo kinachojaza, wewe mwenyewe. Katika kurasa za wavuti tukio la change lina tabia hiyo hiyo, kwa hiyo huwa naandika kazi ya kujaza peke yake na kuiita kutoka kila mahali inapohitajika.

Lakini kinachosumbua akili kweli ni mtumiaji anayebadilisha thamani iliyojazwa. Tuseme muuzaji amempunguzia mteja bei na kuiandika, kisha akagundua kwamba alichagua bidhaa isiyo sahihi, akaichagua nyingine. Je, bei aliyoiandika ifutwe? Nimejaribu kufuta daima nikalaumiwa, nikajaribu kutofuta kamwe nikalaumiwa zaidi. Siku hizi naitunza pembeni thamani ya mwisho iliyojazwa na mfumo. Ikiwa iliyomo katika uga bado inalingana nayo, naibadilisha kimyakimya. Ikiwa inatofautiana, basi kuna mkono wa mtu, na mtu huyo ndiye anayeulizwa. Mtumiaji akiufuta uga wa kwanza, ule wa pili nao usafishwe kwa utaratibu huo huo, kwa sababu bei isiyo na bidhaa ni hatari kuliko uga mtupu.

Katika fomu za wavuti kuna mambo mawili zaidi. Uga uliozimwa kwa sifa ya disabled hautumwi kabisa fomu inapowasilishwa, ilhali wenye sifa ya readonly hutumwa. Nimeona rekodi zikihifadhiwa bila bei huku bei ikionekana wazi kwenye skrini, kwa sababu hiyo tu. La pili ni mbio za majibu. Mtumiaji akichagua bidhaa ya kwanza kisha ya pili kwa haraka, maombi mawili huenda kwenye seva, na jibu la kwanza laweza kufika la mwisho na kufuta bei iliyo sahihi. Kabla ya kuliandika jibu lolote, hakikisha linahusu bidhaa ambayo bado imechaguliwa.

Kilichojazwa na kivinjari pia kisiaminiwe na seva. Mtu yeyote anaweza kutuma bei anayoitaka, kwa hiyo seva iichote upya kutoka jedwali la bidhaa, na punguzo likaguliwe kwa idhini ya anayelitoa. Wengine hutaka kuiachia hifadhidata kazi hii kupitia safu zinazojikokotoa, ambazo mifumo ya hifadhidata ya MySQL na PostgreSQL inazo, wa kwanza tangu toleo la 5.7 na wa pili tangu toleo la 12 la mwaka 2019. Safu hizo hufaa kwa kuzidisha idadi kwa bei ndani ya mstari mmoja, ila haziwezi kuchota thamani kutoka jedwali jingine. Kwa hilo inabidi kuandika triga, yaani msimbo ambao hifadhidata huuendesha yenyewe, inayofanya kazi mstari mpya unapoingizwa, na unapoingizwa tu.

Ankara za yule mhasibu tulizirudisha kwa kusoma bei za zamani katika daftari lake la karatasi, mstari baada ya mstari, kwa siku mbili. Mistari yangu mitatu sikuibadilisha hata herufi moja. Niliihamisha kutoka tukio moja hadi jingine.