Usipunguze upepo tairi likiwa limepata moto

Kila ikifika Oktoba hapa Tabora ombi ni lile lile. Gari limetoka Nzega au Sikonge, saa nane mchana, lami inachemka. Dereva anaona geji inasoma 37 pale alipozoea 32, basi anasema, "Fundi, limezidi, lipunguze kidogo lisije likapasuka." Huwa nakataa. Wengine wanaondoka wamenuna, wakijua nimewanyima huduma, kwa hiyo leo naeleza sababu kwa kirefu.

Kinachobeba gari ni upepo. Kazi kubwa ya mpira ni kuuzuia usitoke, na kushika barabara. Chukua gari dogo linaloweka kilo 400 juu ya gurudumu moja. Tairi likiwa na mgandamizo wa kilo 2 kwa kila sentimita ya mraba, ambayo ni psi 28 na kidogo (psi, yaani ratili kwa kila inchi ya mraba, ndicho kipimo cha geji zetu), eneo linalogusa ardhi ni kama sentimita 200 za mraba, yaani 20 kwa 10. Hapo ndipo uzito wote umekaa. Ukitoa upepo, mzigo haupungui hata kidogo, hivyo tairi linalala zaidi mpaka eneo la kugusa ardhi liongezeke litosheleze. Likilala, mashavu yake yanakunjwa na kukunjuka kila gurudumu linapozunguka, mamia ya mara kwa kila kilomita, na kukunjwa huko ndiko kunakozaa joto. Ndiyo maana tairi lililopunguzwa ili lisipasuke ndilo linalochemka zaidi. Nyuzi za ndani zinaachia mpira, shavu linaota uvimbe, na siku moja linapasuka kweli, tena kwenye mwendo.

Sasa hiyo 37 imetoka wapi? Hewa iliyofungiwa ikipata joto, mgandamizo wake unapanda. Kuikokotoa inabidi joto ulihesabu kuanzia nyuzi 273 chini ya sifuri, na usomaji wa geji uujumlishe na msukumo wa hewa inayotuzunguka. Geji haiuonyeshi huo wa nje, inasoma tofauti tu kati ya ndani na nje. Tabora iko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapa hewa ya nje inasukuma kwa karibu psi 13. Alfajiri nyuzi 20, geji inasoma 32, jumla 45. Mchana tairi limefika nyuzi 50: zidisha 45 kwa 323 (yaani 273 na 50), gawanya kwa 293 (273 na 20), unapata 49.6. Toa 13, geji inasoma karibu 37. Hakuna upepo ulioongezwa na mtu.

Nikilipunguza mpaka 32 saa hiyo hiyo ya mchana, alfajiri inayofuata litasoma 28. Dereva anaondoka kwenda Mpanda na tairi lililolegea, linachemka kuliko jana yake, geji mchana inapanda tena, naye anaomba lipunguzwe tena. Waliotengeneza gari walijua tairi litapata moto, na namba waliyoweka ni ya tairi lililopoa: asubuhi kabla ya safari, au gari likiwa limepumzika kivulini kwa muda wa saa tatu hivi.

Namba yenyewe itafute kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva. Magari mengi tunayotumia yametoka Japani, kwa hiyo stika itakuambia 220 au 230. Hizo ni kilopaskali; 220 ni sawa na psi 32. Ile iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni ukomo wa tairi lenyewe. Tairi halijui limefungwa kwenye gari gani, na anayejaza kwa kufuata ubavu atalila katikati mapema na gari litamrukaruka kwenye changarawe.

Madereva wa malori wananiuliza jambo jingine: mbona wamejaza Dar es Salaam na hapa geji inasoma juu, hata asubuhi? Huko pwani hewa ya nje inasukuma kwa psi 14.7. Ukipanda huku, msukumo wa nje unapungua kwa karibu psi 2, na geji inapanda kiasi hicho hicho. Usitoe kitu. Anayeshuka kwenda Kigoma, ziwani kwenye mita 770 hivi, hatagundua chochote, kwani tofauti haifiki psi 1.

Kwenye lori lililobeba marobota ya tumbaku kutoka Urambo, nyundo ya utingo inatambua tairi lililokwisha kabisa. Tofauti ya 100 na 75 nyundo haiisemi. Na kwenye matairi pacha ya nyuma, moja likilegea mwenzake anabeba mzigo wa yote mawili, kisha ndilo hilo zima linaloanza kufa. La ndani ndilo linalosahaulika, kwa sababu mdomo wa valvu yake umejificha na kuufikia ni lazima uiname. Inama.

Hata bila pancha, tairi linapoteza psi 1 au 2 kwa mwezi kwa kupenya kwenye mpira wenyewe. Likipoteza zaidi, anza na valvu: paka mate au maji ya sabuni mdomoni, subiri. Povu likitoka taratibu, kiini cha valvu kimeingia vumbi au raba yake imekatika. Kiini ni kitu cha bei ndogo, lakini watu wanaendesha bila kofia ya valvu kwenye barabara za vumbi jekundu mwaka mzima.

Kuhusu naitrojeni, gesi ambayo wengine wanalipia ijazwe badala ya upepo wa kompresa: hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78. Kwa gari la kawaida mimi naona hela hiyo inunue geji yako mwenyewe. Kinachonisumbua mimi ni maji. Kompresa inavuta unyevu, unyevu unageuka maji kwenye tangi, na usipofungua koki ya chini yanasafiri na upepo mpaka ndani ya tairi. Humo yanakula rimu, na yakipata moto yanageuka mvuke na kupandisha geji kuliko hesabu niliyoonyesha. Mvua zikianza Novemba, ukifungua koki hiyo asubuhi yanatoka maji ya rangi ya kutu, siku nyingine kikombe kizima. Mwombe fundi wako aifungue mbele yako kabla hajaunganisha mpira kwenye valvu.