Stima ya bei rahisi kwanza? Si rahisi hivyo

Kila mara bili ikipanda utasikia mtu Kisumu akisema, si stima ya mvuke wa ardhini wa Olkaria iko hapo tu Naivasha na ni bei nafuu, kwa nini wanawasha mitambo ya mafuta Muhoroni, wapange tu kutoka ya bei ya chini wakipanda juu hadi itoshe, basi.

Hapo ndio watu hukosea. Hiyo orodha inasahau nyaya. Chukua namba za mfano: magharibi inataka megawati 100, mvuke ni shilingi 5 kwa yuniti na mafuta 20, lakini laini inabeba 80 pekee. Hata mvuke ungekuwa wa bure, hizo megawati 20 zilizobaki zitatoka kwa mitambo ya mafuta ya karibu, penda usipende. Na voltage pia, yaani msukumo wa stima, ukivuta stima kutoka mbali inalegea huku mwisho.

Mfaransa Carpentier aliandika hesabu hii 1962: punguza gharama, lakini usivunje mipaka ya laini wala voltage. Halafu kuna kuwasha na kuzima, mitambo mingine huwezi kuizima saa nne ukaiwasha saa tano. Mitambo 10 tu kwa saa 24, kila mmoja ukiwa umewashwa au umezimwa kila saa, ina mipango 2 kwa kipeo cha 240, namba ya tarakimu 73, hakuna kompyuta itajaribu yote, kwa hivyo programu ya kupanga inatupa mafungu mazima ya mipango ikishaona hata ule bora ndani yake hauwezi kushinda mpango ilionao mkononi.