Je, wajua kwa nini ndege ya Mombasa kwenda Nairobi huandikiwa saa nzima?

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Moi hadi ule wa Jomo Kenyatta, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 420 hivi. Ndege ya jeti ikishatulia angani hukimbia kama kilomita 800 kwa saa. Ukipiga hesabu unapata nusu saa na ushei, lakini tiketi inasema saa nzima. Dakika nyingine zinakwenda wapi?

Kwanza, saa ya tiketi haianzi magurudumu yanapoachana na ardhi. Huanza ndege inapoondoka pale ilipoegeshwa, na huisha inapoegeshwa tena kule iendako. Humo mna kutambaa hadi njia ya kurukia, na kungoja ruhusa ya mnara wa kuongozea ndege.

Halafu kuna upepo, na hapa watu wa pwani tuna la kusema. Ndege huruka na kutua zikiukabili upepo. Njia kuu ya kurukia ya Mombasa ina namba mbili, 03 na 21: upande mmoja unaelekea nyuzi 30 hivi, kaskazini-mashariki, na wa pili nyuzi 210, kusini-magharibi. Kaskazi ikivuma, rubani hutua akielekea kaskazini-mashariki, kwa hiyo lazima aje kwa upande wa Kwale. Upepo ukigeuka ukatoka kusini, huingia kwa upande wa pili. Sasa tazama: Nairobi iko kaskazini-magharibi mwa Mombasa. Pepo zote mbili hazimpi mgeni wa Nairobi nafasi ya kuingia moja kwa moja. Ni lazima azunguke ajipange na njia. Anayeondoka naye huruka kwanza, kisha ndio akate kona.

Kubwa zaidi ni kupanda na kushuka. Chini ya futi 10,000 kwa kawaida ndege haizidi noti 250, yaani kama kilomita 460 kwa saa. Ule mwendo wa 800 huja juu, na safari hii huko juu haikai. Marubani hukadiria maili tatu za baharini kwa kila futi 1,000 za kushuka. Ndege iliyo futi 27,000 ikija Mombasa, karibu usawa wa bahari, huanza kuteremka ikiwa imebakisha kilomita 150 hivi, kabla kidogo ya usawa wa Voi. Ikienda Nairobi hubana mteremko huo kidogo, maana uwanja wa kule wenyewe uko mita 1,624 juu ya bahari.

Kwa anayetoka Nairobi, kaa dirisha la kulia. Mbingu ikiwa safi utauona Kilimanjaro, na ni uchungu kuukosa kwa sababu ya kiti tu.

Ndiyo maana pia Zanzibar, iliyo kilomita 250 hivi kutoka Mombasa, haiandikiwi nusu ya muda wa Nairobi ingawa umbali unaikaribia nusu. Kutambaa, kujipanga na upepo, kupanda na kushuka vyote vipo vilevile. Kilichopungua ni kile kipande cha katikati, cha mwendo kasi. Kwa safari fupi hivyo, ndege ya mapanga, yaani ile inayovutwa na pangaboi, haiachwi mbali na jeti, na mafuta yake ni machache.