Eti mzee na baiskeli wapi na wapi?

Nilipostaafu ualimu hapa Mikindani, wanangu walinijia na ombi moja: niuze baiskeli. "Baba, watu watasema tumekutupa." Sasa nina miaka 68, bado naendesha zile kilomita kama kumi hadi Mtwara mjini, na barazani sikosi maneno.

Eti baiskeli humaliza magoti.

Hili nalisikia kuliko yote. Ukikaa juu ya tandiko, uzito wako mwingi unabebwa na baiskeli, goti linakunja na kukunjua tu. Ndiyo maana hata wenye magoti yaliyolika hushauriwa kuendesha. Kinachoumiza ni tandiko lililo chini mno. Wengi wetu tunalishusha ili tukisimama tukanyage chini kwa miguu yote miwili, halafu tunapiga pedali magoti yakikaribia kifua. Lipandishe: pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo tu. Mimi nilichua goti kwa mafuta ya nazi miezi mitatu, mpaka fundi wa chini ya mwembe alipochukua spana akaniinulia tandiko. Wiki mbili tu, maumivu yakaisha. (Mafuta hayakuwa na kosa.)

Kwenye kilima, shuka usukume. Anayetaka kupandisha mlima wa Newala kwa baiskeli isiyo na gia katika umri huu, huyo ana ugomvi wake na nafsi yake.

Eti uzeeni mwili haujengeki tena.

Mfaransa Robert Marchand alizaliwa mwaka 1911. Mwaka 2012, akiwa na miaka 100, aliendesha kilomita 24.25 kwa saa moja. Akarudi mwaka 2014, miaka 102, akafika kilomita 26.9. Umri umepanda, na mwendo nao umepanda! Sisi hatudaiwi hayo. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima, wazee wakiwemo, wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Yale ambayo unaweza kuongea ukiyafanya, ila kuimba huwezi.

Eti ukiwa na baiskeli, imetosha.

Hapa wenye kosa ni sisi wapenda baiskeli. Kwa kuwa umebebwa, mifupa haipati mzigo inaoupata ukitembea. Waliofika miaka 65 wanashauriwa waongeze mazoezi ya nguvu na ya kuzuia kuyumba, angalau siku tatu kwa wiki. Mimi nina jembe na mikorosho ya kupalilia. Na kama unameza dawa za presha au unashikwa na kizunguzungu, muone daktari kwanza, baiskeli itakusubiri.

Eti mzee mwenye shukrani hutulia nyumbani.

"Mwalimu, Mungu kakufikisha, tulia ushukuru." Nani kasema shukrani inataka kiti? Natoka baada ya swala ya alfajiri, bahari ya ghuba haina hata wimbi, wavuvi wanashusha samaki, watoto wa shule wamejaa kando ya barabara. Juzi nilihesabu: marahaba kumi na tisa kabla sijafika mjini. Kwenye bodaboda nisingejibu hata tatu.